Mgongo Kwenye Majaribio

Jumatatu, 9 Juni

Dawa imenizoea. Tumekuwa kama majirani wa ukuta mmoja: tunasalimiana asubuhi, kisha kila mtu anashika lake. Kidonge kinashuka, mgongo unabaki ulivyo. Mwaka jana kidonge kimoja kilinipa siku nzima ya ubinadamu. Sasa hata kuvaa soksi ni safari yenye vituo.

Nilipita kwa daktari kabla ya kazi. Nilimwomba aniongezee dozi, au anipe dawa nyingine, yenye nguvu, ikiwezekana ya rangi kali. Alikataa kwa upole. Akasema vipimo havina la kutisha, dawa imefika mwisho wa uwezo wake, na kuiongeza ni kujitafutia ugonjwa wa tumbo juu ya ule wa mgongo. Kwamba maumivu sugu mara nyingi hayafukuzwi, yanafugwa. Nitembee. Nisikae kitako muda mrefu. Nisinyanyue kitu kwa kiuno. Nimwone dada wa mazoezi ya viungo, mlango wa pili. Na niwaambie kazini.

Yote nimeyakubali isipokuwa la kazini.

Mimi ni karani wa masjala, mahali majalada ya ofisi nzima yanapotunzwa. Nipo kwenye kipindi cha majaribio. Ijumaa Mama Mkuu, yaani mkuu wa masjala, anatoa ripoti: nani anathibitishwa kazini, nani anashukuriwa. Kushukuriwa ni neno la kiofisi. Maana yake ni kurudi nyumbani. Sasa nani atamthibitisha karani wa masjala asiyeweza kuinama? Ni sawa na kuajiri mpishi anayeogopa moto.

Na kuna Chapuchapu, karani mwenzangu. Tuliingia siku moja, naye yuko kwenye majaribio. Kila boksi la majalada likiletwa, yeye ameshalidaka, hata lililowekwa miguuni pangu. Leo kabeba yote, lake na langu, huku anapiga mluzi. Anajipendekeza kwa Mama Mkuu. Hajui kwamba namwona.

Jumanne, 10 Juni

Mkakati. Adui ni kiti, basi nisikae. Lakini mtu hasimami kazini bila sababu. Nimeitafuta sababu nikaipata: adabu. Kijana aliyelelewa hakai wakati mkubwa wake amesimama. Na masjala yetu wakubwa hawaishi kuingia.

Hadi saa ya chai nilikuwa nimempisha kiti dereva, mama wa chai mwenyewe, na fundi wa taa, ambaye alikuwa juu ya ngazi na hakukihitaji. Mama wa chai akasema mama yangu hakuzaa bure. Nikamwambia nimelelewa na shangazi. Akasema basi shangazi hakulea bure. Mambo yakawa mazuri.

Kisha nikaharibu. Kabati lililo nyuma ya Mzee wa Mhuri lina kimo kizuri cha kuegemea viwiko. Nilifanyia kazi pale asubuhi nzima, nikiwa nimesimama, juu ya kisogo chake. Mzee wa Mhuri ndiye karani wetu mkongwe, anagonga mihuri tangu sijazaliwa, na anakaribia kustaafu. Mchana akageuka polepole. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nasubiri astaafu au nasubiri afe, ili ajue ajipange vipi.

Nikasema hapana babu, ni adabu tu.

Akasema adabu anayoijua yeye haimpumulii mtu shingoni.

Nimerudi kwenye kiti. Mgongo umenicheka hadi jioni.

Jumatano, 11 Juni

Shangazi hamwamini daktari anayemruhusu mgonjwa kuondoka mikono mitupu. Asubuhi akanifunga kiunoni kwa pazia kuukuu, chini ya shati, akivuta kwa goti kama anafunga mzigo wa kwenye basi. Akasema kitu kikikazwa kinakazika. Nikatoka nyumbani nimenyooka kama nguzo ya umeme. Nikakiri moyoni kwamba nafuu ilikuwapo. Kupumua ndiko kulikokuwa kwa zamu.

Chapuchapu akauliza kama nimemeza rula.

Kwenye kikao, kalamu ya Mama Mkuu ikaanguka, ikabingirika, ikaja kusimama mbele ya kiatu changu. Mdogo kuliko wote ni mimi. Macho yote kwangu. Kuinama haiwezekani, pazia halitaki. Nikashuka wima kama lifti hadi magoti yakagusa sakafu, nikaiokota, nikampa kwa mikono miwili. Hadi hapo vizuri. Kuinuka kukakataa.

Nilibaki pale. Mama Mkuu akaniambia inatosha mwanangu, hakuna kosa nililofanya. Mzee wa Mhuri akasema jana huyu alikuwa na adabu ya kusimama, leo ya magoti, kesho mtamkuta kalala kifudifudi. Chapuchapu akanipa mkono, akaniambia inuka, mtumishi mwema. Kicheko kikazunguka meza.

Kwenye korido alinifuata. Pindo la pazia lilikuwa limechomoza nyuma, lile lenye maua ya njano. Akalichomeka ndani bila kusema neno, akaenda zake. Kwa mshindani, huo ni unyama wa hali ya juu. Afadhali angesema neno.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeomba ruhusa kazini ya kwenda kutibiwa jino. Nilikwenda kwa dada wa mazoezi.

Akanilaza. Goti moja juu, shusha, pumua. Jingine juu, shusha, pumua. Akasema mgongo wangu una woga kuliko ugonjwa. Ukishtuliwa unajikunja, ukijikunja unauma, ukiuma unaogopa zaidi. Nilijiona nimesemwa mimi mzima, si mgongo peke yake. Kisha akauliza kama nimewaambia kazini. Nikasema ndiyo. Akauliza wamesemaje. Nikasema wamefurahi. Akanitazama kitambo, akasema hajawahi kusikia ofisi iliyofurahia mgongo.

Alisema nianze na mara chache tu kwa kila mguu. Nyumbani nikafanya nyingi. Dawa isiyomezwa sioni kwa nini mtu aifanyie ubahili. Matokeo yake nikabaki chini, nikiangalia dari ya sebule.

Shangazi akanikuta pale. Alidhani nimeanguka. Nilipomweleza kuwa ni matibabu, akauliza kama yanafaa na kwa miguu ya wazee. Akajilaza mkekani pembeni yangu, akanyanyua goti mara moja, akasinzia.

Nikawa namsikiliza anavyopumua. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, huku amejitwisha ndoo. Mgongo wake haukuwahi kuomba ruhusa. Mimi ndiye wa kwanza nyumba hii kupata kazi yenye meza. Ameshawaambia majirani wote. Nikishukuriwa kesho, nitaingilia mlango gani?

Hapana. Kesho Chapuchapu hatabeba boksi hata moja mbele yangu. Mama Mkuu akitoa ripoti, picha ya mwisho machoni pake itakuwa ni mimi na mzigo.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike pole pole. Nimelala kwa ubavu.

Nilifika masjala kabla ya watu. Maboksi yalikuwa yamepangwa mlangoni kutoka jana. Nikachagua moja la wastani, nisije kuonekana mwenye majivuno. Nikalibeba hadi chumba cha ndani, nikainama kulisukuma kwenye rafu ya chini kabisa. Boksi likaingia. Mimi sikutoka.

Sijui kuieleza. Ni kama mtu alifunga kufuli kiunoni akaondoka na ufunguo. Kichwa ndani ya rafu, makalio mlangoni. Na hapo ndipo viatu vya Mama Mkuu vikaingia.

Akauliza nafanya nini. Nikasema nakagua rafu ya chini. Akauliza hali yake. Nikasema inaridhisha, ila kuna vumbi. Akasema vizuri, sasa niinuke tuzungumze. Nikasema tunaweza kuzungumza hivi hivi. Akasema amezoea kuongea na sura za watu. Nikasema, kwa heshima niliyonayo kwake, siwezi kumkazia macho.

Nikasikia anavuta kigoda. Akakaa. Nadhani aliamua kusubiri.

Akaingia Chapuchapu. Nikajua basi, nimekwisha. Lakini mluzi ukakatika, na nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sikujua anayo: “Mama, usimvute mkono. Mwache apumue kwanza. Yeye huwa anaanza na goti la kushoto.”

Huwa? Ina maana amekuwa akinitazama ninavyoinuka?

Akanishika mbavuni, akaniteremsha taratibu kama anashusha kioo, akanilaza chali. Akasogeza maboksi mawili, akaniwekea vigimbi vya miguu juu yake. Nikaomba anisamehe kwa usumbufu. Akasema mama yake mzazi ana mgongo kama huu, na nyumbani kwao hakuna asiyejua namna ya kumlaza mtu.

“Ulidhani nabeba maboksi yako kwa sifa?” akaniuliza. “Wewe ukigusa boksi unalia kama mlango uliokosa mafuta. Mtu anasikia huruma.”

Mzee wa Mhuri akachungulia. Akaniona nimenyooka sakafuni, miguu juu ya majalada. Akamuuliza Mama Mkuu kama anipigie mhuri wa kupokelewa au wa kufungwa. Kisha akavua koti lake, akalikunja, akaniwekea chini ya kichwa. Lilinukia wino.

Kumbe walijua. Mzee alijua, mama wa chai alijua, fundi wa taa aliniona kutoka juu ya ngazi. Ofisi nzima ilijua, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafichwa.

Nikamwambia Mama Mkuu kwamba naelewa kuhusu ripoti. Akauliza ripoti gani. Akasema ripoti aliipeleka tangu juzi, hapendi mambo ya dakika za mwisho, na wote wawili tumethibitishwa. Akasema anachotafuta ni mtu anayeweka jalada mahali ambapo litapatikana kesho, na tangu nije hakuna jalada lililopotea. Masjala si mieleka. Na kama ni maboksi, ofisi ina kitoroli, kiko kwa watu wa stoo, hakuna aliyewahi kukiomba.

Akaniuliza kwa nini sikusema.

Nikasema niliogopa.

Akasema hiyo hofu angalau ingesaidia kubeba boksi moja.

Nililia kidogo. Ukilia umelala chali, machozi yanaingia masikioni. Kwa hiyo sikusikia vizuri aliyoyasema baadaye, ila yalikuwa mazuri, maana Chapuchapu naye aliangalia pembeni.

Jumanne, 17 Juni

Mambo yamebadilika. Kitoroli kimeletwa. Wamenisogezea kabati lefu, sasa ni meza yangu ya kusimama, mbali na shingo ya mtu. Nikikaa sana, Mzee wa Mhuri anagonga mhuri mezani mara mbili, nami nainuka kupeleka barua vyumbani. Chapuchapu anapandisha majalada, mimi nayapa namba, yangu na yake, kwa sababu mwandiko wake ni wa kuku. Mama wa chai ameniletea mto alioshona mwenyewe.

Nimemweleza dada wa mazoezi ukweli wote, pamoja na lile jino. Akacheka, akanirudisha kwenye idadi aliyoitaka yeye. Mgongo bado unauma. Jana uliniuma hadi nikakunja uso mbele ya watu, na hakuna kilichoanguka. Nilisema tu “leo ni mbaya,” wakasema “pole,” kazi ikaendelea. Maneno matatu! Na mimi niliyazungukia wiki nzima na pazia kiunoni.

Shangazi ameambiwa nimethibitishwa. Ameshapita kwa majirani. Kuhusu mgongo nilimwomba asiseme. Amesema hilo ndilo aliloanza nalo.

Mimi ni mtu mpya. Kuanzia leo sifichi kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Balaa. Nimeamka siumwi.

Nilingoja kitandani, nikidhani umechelewa. Wapi. Nikakaa, hakuna kitu. Nikavaa soksi nimesimama kwa mguu mmoja, kama mtoto wa shule. Kwa mara ya kwanza tangu dawa inizoee, mgongo umenyamaza kabisa.

Sasa ofisini nitasema nini? Watu wamesumbuka. Kitoroli kimeombwa, kabati limehamishwa, mto umeshonwa kwa mkono. Leo niingie natembea kama swala, si watasema mgonjwa gani huyu, alikuwa anaigiza? Dada wa mazoezi alisema siku nzuri zitakuja na kuondoka, nizifurahie, na niwaambie watu ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Ni rahisi kwake. Yeye ameshathibitishwa.

Nimefikiri kwa makini nikaona njia ni moja. Nitachechemea.

Nilijizoesha mbele ya kioo, nikiguna kila hatua. Shangazi, kutoka jikoni, akauliza kama leo umezidi. Nikasema leo siumwi kabisa. Akauliza sasa namgunia nani.

Kazini ilikwenda vizuri, kwa kiasi. Niliguna wakati wa kukaa, nikaguna wakati wa kuinuka, na mara moja nikaguna nilipokuwa natembea tu, bila mpango. Chapuchapu akasema leo maumivu yameshuka mguuni. Nikamwambia yanasafiri. Mama wa chai akaniongezea sukari. Mama Mkuu akauliza kama nataka kwenda kupumzika, nikasema nitavumilia, akatikisa kichwa kwa huruma hadi nikaona aibu. Kufikia jioni nilikuwa hoi. Kuigiza mgongo ni kazi kubwa kuliko kuwa nao.

Nimekunywa maji, nimefanya mazoezi yangu kwa idadi sahihi, na nimeomba kwa unyenyekevu kwamba kesho uume. Si sana. Kiasi cha kuonekana.