Globu ya Kulia na Samli ya Generoza

Jumatatu, 14 Julai

Gari langu limekufa jicho la kulia! Asubuhi nimeliwasha nipige honi kidogo, majirani wajue nimeamka. Naona kwenye ukuta wa jiko mwanga mmoja tu. Nikazunguka mbele. Kushoto inawaka, kulia giza. Nikaipiga kofi. Giza vilevile.

Ingekuwa wiki nyingine ningesema potelea mbali. Lakini Jumamosi mjukuu wangu Felisita anaolewa hapa Bariadi. Wa kumpeleka kanisani ni mimi Mboje, kwa gari hili aliloniletea binti yangu Gloria kutoka Mwanza. Magese wa Bukundi, babu wa bwana harusi, alitaka bibi harusi apande gari lao. Nikakataa mbele ya kikao kizima. Magese akasema sawa, ila atalikagua langu kwanza, kama mimi nilivyokagua ng'ombe zake.

Hapo ndipo penye mwiba. Mwezi wa tano alipoleta mahari, nilimrudishia mtamba mmoja kwa sababu ya jicho jeupe. Nikatangaza kwamba kwangu hakiingii kitu chenye jicho moja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka. Leo sicheki.

Lakini globu ni kitu gani? Zamani, kwenye lori la ushirika la kubeba pamba, nilikuwa nabadilisha globu lori likitembea. Dereva hana habari.

Haya nayaandika kwenye daftari la Felisita la darasa la saba. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye ngumbaru. Nyumbani nikisimulia hawaniamini, daftari halibishi.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda gereji kwa Benedikta. Huyu binti amesomea ufundi, ana cheti ukutani. Nikamsalimia Kisukuma, mwangaluka, mayu, umeamkaje mama, nikamwambia nina kazi ya dakika mbili. Akafungua boneti, akachungulia, akacheka peke yake. Fundi akicheka peke yake juu ya mali yako, kimbia.

Akanieleza. Globu yenyewe bei yake kuku. Tena ninunue mbili, maana ya kulia ikifa, ya kushoto nayo imechoka. Ila mkono haufiki. Kwa hiyo betri itoke, chupa ya maji ya kuoshea kioo itoke, bampa lishuke, taa nzima ichomolewe. Kazi ya nusu siku. Bei yake beberu!

Nikamuuliza kama taa imo ndani ya gari au gari limo ndani ya taa. Akasema, guku, babu yangu, hilo waulize walioliunda.

Nikanunua globu moja, nikaondoka nayo mfukoni. Kuku natoa. Beberu wangu nampenda. Akanipigia kelele nyuma kwamba kile kioo cha globu nisikiguse kwa vidole, mafuta kidogo tu kinapasuka kikipata moto. Mambo ya shule hayo.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamka na akili. Mkono haufiki? Mkono wa nani? Mkono huu umetoa ndama thelathini na saba waliokwama tumboni! Kuna ng'ombe nilimzalisha akitembea, mimi nyuma yake, mkono ndani, mpaka stesheni ya Malampaka. Treni ikasimama kutupisha. Leo nishindwe na kitundu cha gari?

Kuzalisha siri yake ni mafuta, na macho ufumbe. Generoza mke wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikachukua samli yake, ile aliyoweka kwa pilau la harusi, nikajipaka mpaka begani. Nikaingiza mkono. Ukaingia kama unarudi nyumbani! Nikapapasa, nikashika kitako cha globu, nikazungusha, nikavuta. Ikatoka! Nikaingiza mkono tena na ile mpya. Nikapapasa, nikasukuma. Ikakaa! Nikaimba.

Kutoka ndiyo ikawa kesi. Samli yote ilishafutikia kwenye mashine. Mkono umekauka, kiwiko kimenasa nyuma ya betri. Kila nikivuta kinavimba.

Generoza akarudi. Hakuuliza mkono. Aliuliza samli.

Halafu nani anaingia? Magese! Amekuja kuhesabu viti. Akakaa kwenye ndoo, akaniuliza kama huyu ni mzao wa kwanza, na kama kinatangulia kichwa au miguu. Akasema kwao Bukundi ng'ombe ndiye anayepiga kelele, siyo mzalishaji.

Akaitwa Benedikta. Akafungua betri, mkono ukatoka, akairudisha. Nikajifuta, nikawasha taa mbele ya wote. Zikawaka! Macho mawili! Nikamgeukia Magese nimpe neno zito. Kabla sijalimaliza, kulia pakatoka moshi, harufu kama ya maandazi. Pap! Giza.

Benedikta akausogelea mkono wangu. Alitazama vidole vyangu tu.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ni boga. Leo basi.

Ijumaa, 18 Julai

Felisita amekuja kunisalimia. Akaniambia kwa upole, guku, kama gari limeshindikana hamna neno, atapanda la kina Yakobo, bwana harusi wake. Afadhali angenitukana. Mtoto huyu nimempeleka kliniki kwa baiskeli. Siku ya kwanza ya shule nimempeleka mimi, kwa baiskeli hiyohiyo, mvua inanyesha, amejifunika koti langu. Halafu siku ya mwisho nimpungie mkono akiwa kwenye gari la Magese?

Nikaenda zizini nikamfungua beberu. Hatukutazamana.

Benedikta kaanza saa tatu, kamaliza saa saba. Bampa lilikaa chini kama meno ya bandia ya mtu aliyelala. Misumari ya plastiki imejaa sahani mbili! Akaniuliza tena kama anibadilishie na ya kushoto, maana bampa limeshashuka, kazi haina bei. Nikasema kuku mmoja anatosha, ya kushoto bado inapumua. Nikamwomba asimwambie mtu kwamba kafanya yeye. Akasema yeye hana mdomo mrefu. Sijapenda alivyosema.

Jumamosi, 19 Julai

Magese amefika mapema. Akalizunguka gari kama analinunua mnadani. Akaniambia niwashe. Msafara wa harusi bila taa ni msafara wa kwenda kusaga mahindi. Nikawasha. Zote mbili!

Magese akainama. Kisha akaita watu.

Ya kushoto, ile ya zamani, njano kama chai iliyolala. Ya kulia, mpya, nyeupe kama maziwa. Akasema anaona jicho jeupe. Akasema yuko mtamba Bukundi atafurahi kusikia ana ndugu mjini. Mpaka wanakwaya walicheka!

Halafu akasema gari analipokea, ila nikiri mbele za watu kwamba mtamba wake hakuwa na kasoro. Nikasema sithubutu. Nife kwanza! Nikamtazama Felisita. Amesimama mlangoni na shela yake, maua mkononi. Hakumtazama Magese. Alinitazama mimi, kama ile siku ya mvua.

Nikasema mtamba hana kasoro. Kwa sauti ndogo. Magese akasema wa Bukundi hawajasikia. Nikasema kwa sauti kubwa, mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Felisita akapanda gari langu. Njia nzima kanishika bega kutoka nyuma. Nilipiga honi mpaka kanisani. Macho sijui yalikuwa na nini. Vumbi.

Jioni wakanipa maiki. Nikasema ukweli. Kwamba Jumatano nilikuwa nalipima gari tu, na globu nimeiweka Alhamisi, mimi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, macho nimefumba, bampa halijaguswa. Makofi! Magese alipiga kuliko wote. Benedikta alikuwa anakunywa soda polepole.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi hii Magese kaingia uani na gari lao, lilelile lililotaka kumbeba Felisita. Jipya kuliko langu. Jicho la kushoto limekufa! Anasema kwa nini ampe Benedikta beberu wakati mkwe wake ana mkono wa dhahabu, amesikia kwa masikio yake kwenye maiki. Nyuma limefuata pikapu la watu wa Bukundi. Katikati yao, kafungwa kamba, yule mtamba. Zawadi yangu, kwa kuwa hana kasoro. Magese anasema atatazama kazi kwa jicho lake zima.

Benedikta naye amekuja. Kasimama kwenye uzio, spana mfukoni. Anasema amekuja kujifunza.

Naandika haya chumbani. Nje wameshatoa mabenchi. Ningeweza kutoka nikasema ukweli, na binti ana spana palepale. Nimelifikiria jambo hilo dakika nzima.

Nimemwita Generoza alete samli. Anasema imeishia kwenye pilau. Nimemwambia basi alete mafuta ya pamba, chupa nzima. Mkono wa kushoto bado mzima.