Kocha Ghalib na Saa ya Ukutani

Jumapili, 2 Februari 2014

Daktari kasema moyo umechoka. Kasema polepole, kama dobi anayemwambia mteja kuwa kanzu yake imeungua. Nisipande ngazi. Nisile chumvi. Nisishtuke.

Nisishtuke! Nimefika nyumbani Aziziya, mwanangu Saleha kanipokea mlangoni na habari: kafili wangu, mdhamini wa miaka yote, mwenye skuli niliyosomesha Kiingereza, kauza skuli. Mnunuzi hataki wazee. Ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, inakwisha mwisho wa mwezi, na mtu wa miaka sabini na ushei nani atamdhamini? Saleha kaolewa na mtu wa hapa, yeye hana shida. Mimi nitarudishwa Unguja, nilikotoka mwaka wa sitini na nne na sanduku moja. Walionijua kule wote wako chini ya ardhi.

Mke wangu Huda kazikwa hapa Jidda, makaburi ya Bibi Hawa. Nataka kulala hapo hapo. Sitaki jingine duniani. (Kiyoyozi kipya, labda.)

Kwa kuwa ninakufa, humu nitaandika ukweli mtupu.

Jumanne, 4 Februari

Yarabi! Nimepata kazi!

Baada ya sala ya Alasiri, Sheikh Mazin alikuwa akilalamika mlangoni mwa msikiti. Yeye ndiye mwenye kile chuo cha miaka miwili kule Al-Hamra. Vijana wake waliorudi kutoka Amerika wamekuja na helmeti na mpira wenye umbo la yai, wanataka timu ya futiboli ya Kimarekani. Shemeji yake wa Riyadh, naye ana chuo, timu anayo tayari na kila siku anamcheka kwa simu. Kocha hapatikani. Mara nikasikia sauti ikisema, "Mimi nilikuwa kocha wa mchezo huo. Chuo cha miaka miwili. Kansas." Nikageuka nimwone mwongo huyo. Kumbe ni mimi!

Nakiri, kwa ajili ya Saleha atakayesoma haya nikishakufa. Kansas nilisoma kweli. Timu niliitumikia kweli. Nilibeba ndoo ya maji. Lakini niliibeba pembeni ya kocha, na siku moja upepo ulipovuma alinipa kofia yake nimshikie. Mtu aliyeshika kofia ya kocha, si kocha kidogo?

Sheikh kaniajiri papo hapo. Sharti moja: tukiwashinda Riyadh Ijumaa ya wiki ijayo, atakuwa kafili wangu. Tukishindwa, halas, yamekwisha.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi ya kwanza. Kiwanja cha mchanga nyuma ya chuo. Vijana wana vifua kama makabati. Wakaniuliza tuanze na nini. Nikawaambia maji. Wakanywa. Wakasubiri. Nikawaambia wanywe tena.

Hapo ndipo Zacharia alipojitia. Huyu ni dereva wa basi la chuo, Mkenya wa Kakamega, anakaa Al-Mahjar. Alikuwa kaegemea basi akinitazama kama mtu anayetazama maziwa yakiumwagikia moto. Akasema, "Mzee, hii ni raga tu, imevaa kofia." Akavua viatu akaingia uwanjani. Raga! Kawainamisha vijana, vichwa makwapani, wanasukumana kama ng'ombe kwenye josho. Halafu kawafundisha kurusha mpira nyuma. Nikapiga kelele: mbele! Yeye: nyuma! Nusu ya timu ikaenda mbele, nusu ikaenda nyuma, mpira ukabaki peke yake.

Sheikh alikuwa dirishani. Nikajua nimekwisha. Akashuka mbio, macho yanamng'aa, akasema ujanja kama huo hajapata kuuona, Riyadh watachanganyikiwa. Na Zacharia, kuanzia leo, ni msaidizi wangu.

Mara mbili nimeshtuka kwa siku moja. Daktari alikataza.

Jumatatu, 10 Februari

Nilimwambia Sheikh kuwa Amerika msaidizi wa kocha ndiye anayefua jezi. Kakubali. Zacharia kaziingiza zote mashineni pamoja na kilemba chekundu cha mtu. Timu nzima sasa ni ya waridi. Nikasubiri afukuzwe. Vijana wamezipenda! Sheikh kazipenda! Zacharia kapewa kuku mzima wa kuchoma. Ananiita "Kochi" kwa sauti ya mtu anayeita paka.

Tena mtu kamnong'oneza Sheikh kuwa nasinzia mazoezini. Sijui ni nani. Najua ni nani.

Lakini leo nimepata mpango. Shemeji wa Riyadh kapiga simu: uwanja tunaazimwa baada ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ndiyo mwisho wa mchezo. Ikisikika tu, yalla, kila mtu akatawadhe. Nikaruka kitini (polepole). Vijana wawili wenye mbio kuliko wote nitawaficha ndani ya basi. Riyadh wachoke na hawa wengine. Karibu na Magharibi nafungua basi, wawili wanatoka wabichi kama samaki wa alfajiri. Nani atawashika?

Kujua wakati si tabu. Nitachukua saa yetu ya ukutani, ile inayoadhini yenyewe. Tangu Huda aitundike, haijakosea Magharibi ya nyumba hii hata mara moja.

Alhamisi, 13 Februari

Njiani. Saa nimeipakata kama kichanga. Saleha kanifungia vidonge na mkate wa kumimina, kanikataza kupiga kelele. Akauliza saa ya nini. Nikamwambia siri ya kazi. Akaniuliza, "Baba, na mkishindwa?" Ana macho ya mama yake. Nikajifanya natafuta kiatu.

Tumezunguka Makka kwa njia ya nje, kwa sababu ya dereva wetu Mkristo. Zacharia kaiona saa, kauliza kama naenda kuposa Riyadh na hiyo ndiyo mahari. Vijana wakacheka mpaka Taif. Hata hivyo nimempa kazi: akae ndani ya basi na wale wawili, na nikipunga taulo, afungue mlango. Kasema, "Kochi, hiyo mechi tushaibeba." Kwa mara ya kwanza nikampenda kidogo. Imepita.

Ijumaa, 14 Februari

Lahaula!

Mpango ulikwenda vizuri kupita kiasi. Riyadh walikuwa wakubwa kama milango, lakini zile waridi ziliwashangaza, na mpira wa kurudi nyuma uliwashangaza zaidi. Walituzidi pointi chache tu. Wakaanza kuhema. Nikatazama saa mapajani: bado. Nikashika taulo. Bado tena. Wacha waheme.

Allahu Akbar!

Si mapajani mwangu. Mnarani! Riyadh nzima ikaadhini, kila upande. Wachezaji wakavua helmeti. Mpira ukaachwa unabingirika. Nikasimama nikapiga kelele kuwa muadhini kakosea, arudi ndani! Mimi, mzee mzima, msomi! Mtu mmoja akaniomba kwa adabu niseme astaghfirullah. Nikasema, huku nimeinua mikono. Taulo lilikuwa mkononi.

Mlango wa basi ukafunguka. Wale wawili wakatoka kama risasi, wakauokota mpira, wakakata uwanja mtupu hadi mwisho, wakarukaruka na kukumbatiana. Wenzao walikuwa wanapanga safu za sala.

Tukasali. Ikaletwa kahawa na tende. Ndipo saa yangu ikaadhini. Adhana nzima, kwa sauti ya juu. Kitufe cha kuinyamazisha kiliharibika zamani. Shemeji akaweka finjani chini, akauliza kama jua la Jidda huchelewa kutua kuliko la Riyadh ili limsubiri kocha. Wakacheka wa Riyadh, wakacheka na wetu. Sheikh Mazin hakucheka. Alinitazama, akasema neno moja. Halas.

Nikaanguka.

Nakiri: kizunguzungu kilikuwa cha kweli kwa kadiri ya kupepesa jicho. Kilichobaki kilikuwa changu. Nilifikiri, nani atamtimua mzee aliyezimia? Nikafumba macho, nikazuia pumzi, nikalegeza taya. Nililegeza mno. Nikasikia mtu akisema inna lillahi. Zacharia kaniangukia kifuani, analia kama wako matangani kwao: "Woi, mzee wangu, nisamehe! Ni mimi nilisema unasinzia!" Nilijua! Nikavumilia. Kisha nikamsikia shemeji, mtu mkarimu mno, akisema maiti haicheleweshwi. Pa kuoshea pako hapo msikitini. Sanda anayo. Watanisalia baada ya Isha na kunizika hapa hapa Riyadh, na sanda na kila kitu ni juu yake. Mtu akaanza kunivua soksi.

Riyadh! Na Huda yuko Jidda!

Nikakaa kitako. Nikasema, "Hapana. Jidda."

Yaliyofuata siwezi kuyaandika yote. Finjani zilivunjika. Mchezaji wao mkubwa kuliko wote alipanda juu ya goli akakataa kushuka. Zacharia alimwita Yesu kwa sauti kamili, katikati ya Riyadh, na hakuna aliyemlaumu.

Jumapili, 16 Februari

Tangu tuondoke Riyadh Sheikh kanipa kisogo. Nilikaa kiti cha nyuma na saa yangu, nahesabu nguo nitakazobeba Unguja. Tulipofika Taif mabega yake yakaanza kutikisika. Hasira, nikadhani. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka Zacharia akasimamisha basi. Kasema shemeji yake hajapata kuogopa vile tangu azaliwe, alijificha nyuma ya birika la kahawa, na yeye Mazin aliyaona kwa macho yake. Huo kwake ni ushindi. Tena kasema mtu anayekataa kaburi la bure Riyadh kwa sababu ya mkewe, huyo ni mtu wa Jidda, na hamwachi afukuzwe Jidda. Atakuwa kafili wangu.

Nikalia. Saleha kalia. Zacharia kaleta kuku, na kipaja kanipa mimi.

Jumatano, 26 Februari

Ikama imetoka! Saleha kaibusu. Nami nikaibusu. Kisha nikavaa miwani nikasoma palipoandikwa kazi. Nikavua miwani. Nikavaa tena.

Msaidizi wa dereva!

Chuo hakina nafasi ya kocha kwenye karatasi zake, Sheikh kasema. Na uwanjani kocha sasa ni Zacharia, mimi nipumzike. Asubuhi hii kapiga honi chini ya dirisha, mtaa mzima unasikia: "Makanga! Shuka ufungue mlango!" Nimeshuka. Nimefungua. Ngazi nimepanda tena kwa hasira, na moyo haukusema kitu. Madaktari!

Hata hivyo nimefikiri. Basi haliendi popote bila makanga wake. Mwezi ujao linakwenda Dammam, timu ya huko inatutaka, na mwisho wa mchezo ni adhana ya Magharibi vile vile. Wale wawili wameshakubali kujificha. Taulo ninalo. Dammam ni mbele zaidi ya Riyadh, kule kule linakotokea jua, lakini safari hii hanipati mtu. Mimi si mjinga wa kurudia kosa. Nimeitungua saa ukutani, nikamsumbua Saleha mpaka akaitegesha barabara.

Kwa adhana ya Riyadh.