Skrini ya Kalekye Imehifadhiwa Mahali Salama

Jumanne tarehe kumi na moja Machi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mji huu wa Kambu ulipoteza skrini moja ya inchi hamsini na tano, spika mbili, rimoti moja, na maikrofoni moja iliyofungwa selotepu nyekundu shingoni, na kwa kuwa wako watu hapa ambao kwa siku arobaini na nne wamekuwa wakisema vitu hivyo viliibwa, mimi niliyevichukua kwa mikono yangu miwili naomba kusahihisha rekodi kabla ya salamu: havikuibwa, vilihifadhiwa. (Minong'ono.)

Sasa salamu. Mwakilishi wa Mkuu wa Kanda, ambaye ametuma mwakilishi wake, ambaye naambiwa ameshapita Malili. Mchungaji Ndila, uliyetufungulia mkutano kwa maombi ya dakika ishirini na mbili. Mzee Mahamud, mwenye duka, mwenye mbuzi, na mwenye kiwanja hiki tulichokanyaga. Kina mama wa vikundi kumi na sita vilivyosajiliwa na vile vinne ambavyo vyeti vyao bado viko mezani kwangu. Ndugu zetu mliovuka kutoka upande wa Kitui mkiwa na vumbi hadi kwa nyusi. Madereva wa malori mliokuwa mnaelekea Mtito Andei, mkaona hema, mkadhani kuna pilau. Vijana wa bodaboda. Na wale wote ambao nikiwataja mtasema nawatafutia kura: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mbuzi analia.)

Mimi ni Mheshimiwa Mulinge, Mkurugenzi wa Idara ya Burudani Safi na Maadili ya Macho, Ukanda wa Barabara Kuu, idara yenye wafanyakazi watatu, meza mbili na vision moja. Sikuzaliwa mkurugenzi. Nilianza kwa kuchoma mahindi hapo stendi mwaka wa tisini na sita, mahindi mia moja na ishirini kwa siku, na hakuna mkurugenzi aliyenifungulia kituo chochote, kwa hivyo mtu asinifundishe habari ya kujitegemea. (Sauti: "Nusu yalikuwa mabichi.") Hayo mabichi uliyala wewe Kitonga, na ukaomba chumvi zaidi. (Kicheko.)

Nikirudi kwa ajenda. Kwa faida ya wageni, huyu dada Kalekye aliyekaa mbele na leso ya kijani amekuwa na video show kwa miaka tisa katika nyumba ya Mzee Mahamud, na mwezi wa pili mwaka huu, bila stakeholders kuhusishwa, alileta sinema moja ya ng'ambo, iliyotolewa kwa vile vitabu vya katuni, ambayo Kambu nzima inaiita Welda. Sinema yenyewe ni ya fundi mmoja wa kuchomelea vyuma ambaye wakubwa wa mji walichoma karakana yake, basi badala ya kuandika barua kwa ofisi husika na kungoja majibu kama raia mwema, akavaa ile barakoa yake ya kuchomelea, akaanza kuwatembelea wakubwa hao mmoja mmoja. Akifika, hasalimii. Anauliza swali moja. Anainua mkono, vidole vitano, na anakunja kimoja kimoja, na kikifika cha mwisho kama hujajibu, basi inakuwa ni mambo ya mifupa. (Umati, kwa furaha na kwa Kikamba: "Ĩmwe! Ilĩ! Itatũ!") Msihesabu. Hii ni hafla ya serikali.

Idara yangu imefanya utafiti wa kina. Katika dakika mia moja na saba za sinema hiyo, mifupa iliyovunjwa ni mia moja arobaini na tatu, meno ni hamsini na sita, na vioo sikuhesabu kwa sababu kioo hakina maadili. Mara ya kwanza nilipata mifupa mia moja thelathini na tisa. Mara ya nne nikapata mia moja arobaini na mbili. Ni mara ya tisa ndipo Yvonne aliniambia nirudishe nyuma kidogo, kuna mtu nyuma ya friji. (Kicheko. Sauti: "Yvonne ni nani?") Yvonne ni mke wangu, na ni mtafiti wa kujitolea.

Mtauliza, Mheshimiwa, ni nini kilikusukuma. Nilisukumwa na malalamiko ya Mchungaji Ndila, ambaye aliandika kwamba sinema hii inaharibu ibada. (Mchungaji Ndila anasimama: "Mheshimiwa, mimi niliandika juu ya spika. Niliomba sauti ipunguzwe kidogo Jumapili. Sinema sikuitaja." Anaketi. Kisha anasimama tena: "Na ile sehemu ya daraja ni nzuri.") Asante, Mchungaji, maoni yako yamepokelewa kama public participation. Nilisukumwa pia na jambo zito zaidi, ambalo leo nalisema kwa mara ya kwanza. Jumapili tarehe tisa Machi, saa tisa alasiri, nilienda mwenyewe kukagua. Mimi siingiagi kwa vibanda, lakini nilivumilia, nikaketi benchi ya nyuma. Na hapo, mabibi na mabwana, Welda akamkamata yule bosi mnene, akamsimamisha ukutani, akainua vidole vitano, na kwa masikio yangu haya nikamsikia akiuliza kwa Kikamba safi, Kikamba cha hapa hapa: "Mwolyo wĩ va, Mulinge?" (Kicheko kirefu. Watu wanashikana mabega.) Chekeni. Mtu ametoka ng'ambo, ametumia mamilioni ya pesa za watu wa huko, amejifunza Kikamba, ili aniulize mimi chakula cha msaada kiko wapi. Na mwolyo ule, nilishaeleza, uko stoo na unasubiri tu hafla ya kuupokea.

Niliandika barua kwa waliotengeneza sinema hiyo, nikidai wanitake radhi ndani ya siku ishirini na moja. Barua ilirudi kwa sababu niliandika "Ng'ambo" bila sanduku la posta. Lakini hapa ndipo ujanja wao unaonekana. Nimeitazama sinema hiyo mara kumi na moja, yaani dakika elfu moja mia moja sabini na saba za utumishi kwa umma, nikitafuta jina langu, na halipo. Si jina tu. Kikamba chote hakipo. Welda yule yule, barakoa ile ile, bosi yule yule, lakini sasa anaongea lugha ya huko kwao, na maneno ya chini yameandikwa kwa herufi zinazofanana na vijiti. Nimebonyeza kila kitufe cha rimoti, vitufe arobaini na viwili. Kimoja kilizima taa ya mapambo ya kabati la vyombo. Hakuna Kikamba. Na nina taarifa ya intelijensia kwamba hapa Kambu watu sabini na tatu bado wanaenda kwa hiyo nyumba kila alasiri, wanaketi kwa zile benchi, wanaangalia ukuta mtupu, na wanamsikia Welda akiongea Kikamba, na wanapiga makofi. Ukuta. Kwa hivyo nauliza mbele ya umma huu, na nataka ushirikiano: dada Kalekye, kitufe cha Kikamba kiko wapi?

(Kalekye anasimama, anakaza leso. "Kitufe ni mimi, Mheshimiwa. Mimi ndiye nakaa nyuma ya pazia na ile maikrofoni umechukua. Naangalia picha, natafsiri. Welda hajui Kikamba. Hajui hata wewe uko." Umati unalipuka. Dereva mmoja anapiga paa la lori lake.)

Jibu hilo la kiufundi nitalipeleka kwa wataalamu. (Kalekye, akiwa bado amesimama: "Na hiyo lugha ya vijiti mimi pia siielewi. Naangalia tu nyuso.") Kaa chini, dada. Tuendelee. Mimi sipingi vipaji. Mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, nakubali kwamba kuna mahali hapo katikati, pale Welda anaingia ghorofani kwa wale walinzi tisa, akiwa na nyundo tu, na taa inazimwa, na mnaona tu cheche za barakoa, na anaanza na yule wa kushoto, hivi, tai inashikwa hivi, (Mheshimiwa anaishika tai ya afisa wake wa itifaki) halafu magoti, halafu anageuka bila kuangalia, paa, (maikrofoni inaanguka) yule wa pili hajui hata nini imempata, na... (Umati: "Wa kulia kwanza!") Si wa kulia. Nimeitazama mara kumi na moja. (Umati: "Wa kulia!") Ni wa kushoto, na wa kulia anakuja na kiti, anakivunja mgongoni, lakini Welda hata hashtuki, kwa sababu tayari ameshapoteza karakana, atapoteza nini tena? (Makofi makubwa, ya kwanza ya kweli tangu asubuhi. Mheshimiwa anarekebisha tai ya afisa wake.)

Huo ndio uovu ninaouzungumzia.

Na ninajiuliza, ni nini kinawavuta watu wazima, wenye mashamba, wenye kwaya, kwa vitu kama hivi? Nimefanya benchmarking hadi Mtito Andei. Huko nimekuta madereva arobaini na mmoja wakilalamika kwamba walikuwa wakisimama Kambu kwa sababu ya Welda na sasa hawasimami. Vurugu inavutia, damu inavutia, sijui... Mzee Mahamud, umeinua mkono, sema kwa ufupi. (Mzee Mahamud, bila kusimama: "Si damu, Mheshimiwa. Damu mimi naona kila siku, nauza nyama. Watu wanapenda pale anauliza. Mtu anauliza swali moja, na mwingine ni lazima ajibu. Hapa kwetu hiyo ni sinema." Makofi.) Asante, Mzee. Ni mawazo ya mfugaji, lakini yana mashiko.

Na sasa tumefika kwa lengo la siku hii. Serikali hainyang'anyi bila kutoa. Badala ya skrini moja ya inchi hamsini na tano, leo ninayo heshima kuwafungulia Kituo cha Kisasa cha Sinema na Uchumi wa Ubunifu cha Kambu, chenye viti mia nne vinavyolala nyuma, skrini ya mita kumi na mbili, chumba cha kina mama wanaonyonyesha, maegesho ya malori sitini, na vyoo kumi na sita vyenye maji, mradi ambao kwa mujibu wa roadmap yetu umekamilika kwa asilimia themanini na saba, na utaajiri vijana mia mbili na kumi moja kwa moja, na wengine elfu moja kwa namna ambayo si ya moja kwa moja, na dada Kalekye atapewa nafasi ya kutuma maombi kama mtu mwingine yeyote. (Sauti ya mama: "Kiko wapi?") Kiko hapa. Mnakikanyaga. (Watu wanaangalia chini.) Mnaona pazia hili la bluu? Nikilivuta hivi... (Anavuta. Nyuma ya pazia kuna picha ya jengo kwenye turubai, na nyuma ya turubai, mbuzi.) ...mnaona taswira kamili, pamoja na miti.

Basi tuseme pamoja. Burudani safi! (Umati: "Iko wapi?") Jibu ni "Macho safi". Tujaribu tena. Kambu kwanza! (Umati: "Skrini kwanza!") Maendeleo ni safari! (Dereva: "Basi tuendeshe.") Inatosha.

Namaliza kwa shukrani. Namshukuru fundi wa kuchora kule mjini Wote aliyetuchorea jengo hili kwa siku moja, miti aliongeza mwenyewe kwa moyo wake. Namshukuru Mzee Mahamud, aliyetuazima kiwanja hiki kutoka asubuhi hadi saa nane, saa ambayo mbuzi wake watarudi mahali pao. Nashukuru kanisa la Mchungaji Ndila kwa kutuazima jiwe la msingi, ambalo mkilisoma kwa karibu mtaona linazungumzia ukumbi wa kwaya wa mwaka wa elfu mbili na nne, na tafadhali vijana mlibebe kwa uangalifu likarudi. Namshukuru mkandarasi, ambaye tutamtangaza mara tu tutakapompata. Na zile asilimia themanini na saba, kwa sababu mmekuwa wasikilizaji wazuri, nawaambia ukweli, ni za hotuba hii. Bado asilimia kumi na tatu, na hiyo ni hii karatasi ambayo MC amenipa sasa hivi, naona ni ya pongezi, ina mwandiko mzuri sana, ngoja nivae miwani niwasomee kama ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu mimi sifichi kitu:

"Mheshimiwa, skrini yangu ya inchi hamsini na tano, spika mbili, rimoti na maikrofoni yenye selotepu nyekundu, viko sebuleni kwako karibu na kabati la vyombo, au haviko? Usitaje idara. Usitaje mchakato. Jibu ni ndiyo au hapana, hapo hapo ulipo, kabla ya saa nane kamili. Ni mimi, Kalekye."

(Saa saba na dakika hamsini na tano. Kambu yote imeinua mkono mmoja, vidole vitano. Cha kwanza kinakunjwa.)