Mjomba wa Kuazima

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Msambweni.
Nimeamua. Namtaka Hanifa, kwa heri na halali. Mama asema posa haiendi bila mjomba, basi niende kwa kaka yake, Mjomba Chirau, nikamwombe radhi kwanza. Ng'o! Nazi zake za mbegu nilizila mwaka jana, na bado kanuna. Wapwa ana mimi na Alamin tu, mtoto wa mama mdogo. Atanuna mpaka lini?

Jumanne, 7 Oktoba.
Nimesoma kwenye simu. Ajabu! Hili neno la Kiingereza, anko, asili yake Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kaka wa mama. Mjomba khasa! Waingereza ndio waliolilegeza likamtosha kila mtu. Sasa, Munyoki muuza mahindi ya kuchoma, Ukunda nzima inamwita anko. Kwa asili ya neno, ni mjomba wangu. Amekubali. Nimemwazima kanzu na kofia.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Ole wangu. Jana Munyoki aliingia kwa Mzee Luqman, babake Hanifa, akauliza mbuzi wangapi wanatakiwa kabla hajaulizwa hali. Hapo tungepona. Mzee akamwuliza, kwa upole, dada yake anaitwa nani, yaani mama yangu. Munyoki akanigeukia mimi. Nikaanza kueleza Kilatini. Kahawa ikaondolewa.
Mzee akasema, "Mwanangu, kamtafute kwanza mjomba wako."
Sijala tangu jana.

Jumamosi, 11 Oktoba.
Nimekwisha. Jana baada ya swala ya Ijumaa Hanifa amechumbiwa. Na Alamin! Posa kaipeleka nani? Mjomba Chirau. Alamin alikwenda kwake mikono mitupu, na shikamoo tu. Kumbe mjomba alikuwa akinisubiri mimi, juma zima barazani, kilemba kichwani, maana Mama alikuwa amemwambia nitakuja. Mama alilia alipokuwa akinieleza. Nami nikalia. Nampenda Hanifa, wallahi, na sasa nitamwita shemeji.

Jumapili, 12 Oktoba.
Mama asema wanawake hawajaisha. Safari nyingine atangulie Shangazi Biasha, lakini kwanza nikamwombe radhi kwa yule kuku wake. Shangazi yuko nyumba ya pili tu. Ng'o!
Nimesoma tena. Anti, asili yake Kilatini: dada wa baba. Na Mumbe wa saluni, Ukunda nzima inamwita anti. Nimeshampelekea buibui la Mama alijaribu.