Chuo cha Chaki cha Uani Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti

Bwana Leseni kaja. Kijana wa ofisi ya biashara, shingo nyembamba, mkoba mnene. Kaingia uani bila hodi, kakuta chaki zangu zimeanikwa juu ya bati. Kauliza leseni ya kiwanda iko wapi. Nikamuuliza kiwanda kiko wapi. Kanyoosha kalamu kwenye banda langu. Banda! Nguzo nne, bati linalovuja, na mzee mmoja anayekoroga unga wa jasi kwa mwiko alioiba jikoni kwa mkewe. Leo kimekuwa kiwanda! Nusura nivimbe kichwa.

Kasema nina mpaka Ijumaa. Nisipolipia leseni, anabeba kalibu zangu. Kalibu za shaba, ndimo ninamomimina uji wa jasi ukagande uwe chaki! Fundi aliyezichonga tulishamzika, na hakuacha mwanafunzi. Bila kalibu mimi ni mzee mwenye ndoo ya uji usiolika.

Bibi yangu, mwenye mwiko wake, kasema nilipe yaishe. Bei ya mbuzi mmoja tu, na mbuzi tunaye. Nimuuze mbuzi ili yule kijana anunue mkoba wa pili? Thubutu! Akili ninazo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda ofisi ya biashara kupeleleza. Foleni mpaka nje. Ukutani wamebandika tangazo la wanaotakiwa kuwa na leseni: wachinjaji, maseremala, wasagishaji, hata muuza barafu. Anayekojoa tu ndiye hawajamfikia. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa: shule na vyuo havihusiki, hivyo viko chini ya ofisi ya elimu.

Nimesoma nikivuta herufi moja moja, maana darasa la nne ndiko nilikoshukia. Kisha nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Mimi sina kiwanda, jamani. Nina chuo!

Nimepita dukani nikachukua rangi. Ubao nimeuandika mwenyewe: CHUO CHA CHAKI. MKUU WA CHUO: MIMI. Bibi kauliza wanafunzi wako wapi. Nimemwambia chuo ni ubao kwanza, wanafunzi ni mambo ya baadaye.

Jumatano, 6 Agosti

Ofisi ya elimu. Ukumbi mrefu, milango pande zote. Mlango wa mkuu. Mlango wa msaidizi wake. Mlango wa anayemsaidia msaidizi. Mlango wa mipango, mlango wa kufuatilia mipango, mlango wa kutathmini ufuatiliaji. Mlango wa mwalimu sikuuona. Walimu niliwakuta nje, wamekaa kwenye matofali, wanauliza mishahara.

Nimepelekwa kwa Mama Ukaguzi, ambaye kazi yake ni kukagua vyuo. Miwani mbili: moja machoni, nyingine kichwani, sijui ya kukagulia Mungu. Kasema chuo ni uongozi. Nitafute mkuu, makamu, mhasibu, na bodi yenye mwenyekiti. Nikauliza na mwalimu je? Kajibu kwamba mwalimu tutamwangalia kulingana na kitakachobaki. Wala hakutabasamu!

Atakuja Ijumaa. Asipokuta uongozi, kibali hakuna. Na Ijumaa hiyohiyo yule mwenye mkoba anakuja. Basi waje wote, nitawapikia chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetafuta uongozi kutwa nzima. Bibi nimemfanya mhasibu. Kakataa, kisha kauliza kama kuna mshahara, kisha kakubali.

Mwenyekiti wa bodi lazima awe na vyeti. Katika ukoo wetu wote mwenye vyeti ni shemeji, kaka wa bibi. Karani mstaafu wa ofisi ya shule, analala na tai. Hatupikiki chungu kimoja mimi naye. Kanisikiliza, kafuta kiti changu kwa leso kabla ya kukaa, kisha kasema sawa, shemeji, lakini posho ya kikao?

Kikao chenyewe hakijaanza! Nikamwambia sina fedha. Kasema hata chaki anapokea.

Basi tukakaa. Ajenda ya kwanza, kiti cha mwenyekiti. Ya pili, mto wa kiti. Ya tatu, chai. Ya nne, tukaahirisha ili tuwe na kikao kingine chenye posho nyingine. Shemeji kaondoka na maboksi ya chaki yote niliyotengeneza wiki iliyopita, kayafunga kwenye baiskeli, kengele anaipiga njia nzima.

Meza ya kumiminia imekuwa meza ya bodi. Leo sikutengeneza hata chaki moja. Nilipolalamika, shemeji alinicheka. Kasema miaka yote aliyokaa ofisi ya shule, chai haikuwahi kupungua. Chaki ndiyo ilikuwa ya kutafuta.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku kubwa! Nimevaa koti la harusi. Halifungi, lakini lipo.

Bwana Leseni kaja na mkokoteni wa kubebea kalibu. Kasoma ubao. Karudia. Nimemwambia kachelewa, mwanangu, hapa ni mahali pa elimu, avue kofia. Kabla hajajibu, Mama Ukaguzi huyo. Wakatazamana kama majogoo. Kijana kasema ni kiwanda. Mama kasema ni chuo, ubao hauoni? Kijana kasema analo faili. Mama kasema yeye anayo mafaili. Kijana kageuza mkokoteni mtupu. Nimemsindikiza mpaka barabarani nikimuuliza kama anahitaji kusukumwa.

Niliporudi, Mama Ukaguzi kaomba cheti cha mkuu wa chuo.

Nimepapasa mifuko ya koti.

Darasa la nne halitoi mkuu. Halitoi makamu. Mwalimu? Halitoi. Mlinzi je? Umri umepita. Mama kapekua makaratasi yake mpaka mwisho, kavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, kasema nafasi isiyodai cheti ni moja tu: mwanafunzi. Tena bahati nzuri, maana chuo bila mwanafunzi hakisajiliki!

Nimeandikishwa. Shemeji, aliyekuwa kwenye kiti chake cha bodi akinywa chai, kawa mkuu palepale. Kalibu zimekuwa mali ya chuo, zimefungiwa stoo, ufunguo kwa mkuu. Nilipofungua mdomo, shemeji kalegeza tai, kaniambia: “Mwanafunzi, simama unapozungumza na mkuu.”

Jumatatu, 11 Agosti

Nimechelewa gwaride. Kutoka chumbani kwangu mpaka uani kwangu, nimechelewa! Adhabu, kufagia.

Kisha mafunzo kwa vitendo. Maana yake nakoroga, namimina, naanika, napanga kwenye maboksi, halafu maboksi yanaingia stoo, na mimi napewa alama. Leo nimepata wastani. Wastani! Mimi!

Jioni bibi kanidai ada ya uendeshaji. Nikasema mke wangu, mimi ni mumeo. Kasema hayo ni ya nyumbani, yeye yuko kazini. Ada ni ya kiti, mto, chai na posho. Mbuzi kauzwa. Lakini hakuuzwa kwa ajili ya leseni! Yule mwenye mkoba hakupata hata kwato. Nimemshinda.

Jumanne, 12 Agosti

Mkuu kajaribu kufundisha. Kamimina jasi kabla ya kupaka kalibu mafuta. Chaki zikaganda humo kama zimechomelewa. Nikamwambia hivyo sivyo, wewe bwege. Kaniandikia barua: nimefukuzwa darasani mpaka nije na mzazi.

Mzazi! Nina meno matatu. Baba na mama wako makaburini, hawatoki kwa ajili ya shemeji. Nimemwomba bibi aniwakilishe, kakataa, kasema mhasibu hawezi kuwa na mtoto chuoni, italeta maneno.

Nimesimama langoni juani. Wapita njia wananiuliza niko darasa la ngapi. Mwishowe kinyozi wa ng'ambo ya barabara kanionea huruma, kaja kuwa mlezi wangu. Ni mdogo wangu kwa miaka mingi. Kaapa mbele ya mkuu kwamba nitabadilika, kisha kanivuta sikio. Hilo hatukupatana!

Alhamisi, 14 Agosti

Uchaguzi wa kiranja. Kiranja ndiye anayetunza ufunguo wa stoo, kwa sababu mkuu kachoka kuinuka kwenye mto. Mgombea mmoja, mpiga kura mmoja. Kampeni ilikuwa ya kistaarabu. Nimepita kwa kishindo.

Ufunguo mfukoni! Nimefungua. Kalibu zangu hizo, zote, zimefungwa gunia. Bibi kaninong'oneza nyuma ya banda. Mkuu amelala mdomo wazi. Nibebe kalibu zangu. Katika kisanduku cha uhasibu kumebaki fedha za kutosha, kesho asubuhi nikalipe leseni, tung'oe ubao, kaka yake abaki mkuu wa kiti na mto. Kasema: nimechoka, mume wangu, turudi kuwa watu.

Nimemtazama kwa huruma. Mwanamke mzuri, lakini uongozi haujui. Niache ukiranja siku ya kwanza? Na zile ni fedha za chuo, nitazigusaje mimi kiongozi?

Ofisi ya kiranja haina hata pa kukalia! Nimekwenda kwa seremala leo hiihii, nimeagiza. Kataka malipo kwanza. Nimempa gunia la kalibu, kasema shaba atajua pa kuiuza.

Kiti kinaletwa kesho. Kina mikono pande zote mbili. Cha shemeji hakina.