Dondoo Nambari Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Saa tatu asubuhi haijafika, nimeshashtuka mara mbili. Mkuu wa maabara, mama wa miwani, katuita, mimi na mwenzangu Kipimo, vibarua wake wa miaka miwili, akasema nafasi ya kudumu ni moja. Moja! Tupime majani. Fangasi wa miguuni anaotuletea daktari wa ngozi wameshazoea dawa za dukani. Krimu wanaiona kama mafuta ya kujipaka. Atakayeonyesha mmea unaowazuia, Jumatatu ijayo anabaki. Mwingine afungashe virago.

Kipimo hana kipaji. Ana rula tu, mfukoni, kutwa. Hata sukari ya chai anaipima.

Jioni nimemwambia mke wangu kuna nafasi. Nikaenda kuoga. Kutoka bafuni nakuta kashampigia mama yake kwamba nimeajiriwa! Mama mkwe anakuja Jumanne ijayo kunipongeza. Nilikaa kitandani na taulo, nguo nikaziona nzito.

Jumanne, 4 Machi

Kazi yenyewe si ngumu. Unaponda majani, unayaloweka kwenye spiriti, unachuja. Hilo ndilo dondoo. Unachovya kikaratasi cha duara, ukubwa wa kifungo cha shati, unakilaza kwenye sahani ya maabara iliyooteshwa fangasi. Kikiwa na dawa, fangasi hawaoti karibu yake, panabaki duara safi.

Mkuu kasisitiza mambo mawili. Vikaratasi vikauke kabisa kwanza, spiriti yote iruke. Na sahani moja iwe ya spiriti tupu, bila jani, ya kulinganishia. Kipimo akaandika. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Lakini tumepewa sahani nane tu kila mmoja! Nipoteze nzima kwa spiriti? Nani ataniajiri kwa kugundua spiriti? Zote nane nimezipa majani: mwarobaini, mpera, mchaichai, mpapai na mengine. Saa kumi vikaratasi bado vinachuruzika. Nikavilaza hivyo hivyo. Mkuu alipita, akatazama meza yangu, akaenda zake. Kipimo nimemwacha anavipepea vyake kwa daftari. Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Sikuamini macho yangu! Yote nane yameua! Duara kubwa, safi, kila sahani. Hata yale majani niliyong'oa kando ya mtaro, ambayo hata mbuzi hawayataki.

Kipimo kapata duara moja la maana, la mchaichai. Milimita nne. Nne! Na anatabasamu. Nilimpa pole, nikamwambia si kila mtu kajaliwa. Akaniuliza sahani yangu ya spiriti tupu iko wapi. Nikamwambia aache wivu.

Mkuu kazitazama sahani zangu muda mrefu. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kazitazama tena. Mtu akiona maajabu huwa hivyo. Kisha kanikabidhi kichupa kisicho na jina na sahani mpya. Kasema ni dondoo la kitu alichokipata papa hapa kwenye jengo, nilipime kwa njia yangu ileile, jina atalitaja Jumatatu. Kwa njia yangu! Nimeliandika Nambari Tisa. Maji ya kijivu, harufu nzito, ya dawa haswa. Kipimo kanusa mara moja akaenda kufungua dirisha.

Jumamosi, 8 Machi

Lahaula! Nambari Tisa imeyapita majani yote. Nilikaa chini sakafuni na koti langu la maabara.

Nimeichunguza kwa lenzi. Ina nyuzi laini. Nikaonja tone moja kwa ncha ya ulimi, kwa ajili ya sayansi. Inaunguza, halafu inaacha chumvi. Nimeandika ripoti: mmea adimu wenye nyuzi, unaopenda giza na unyevunyevu. Nimeupa jina la ukoo wetu. Mke wangu kaniuliza kama nina uhakika. Mke wangu mwenyewe!

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yote.

Niliwasilisha mbele ya kamati. Nikawaambia kila nyumba itaotesha Nambari Tisa uani. Mkuu akanishukuru, akaagiza mlinzi wa getini aitwe. Nikajua ndiye mkulima wake. Mlinzi akaingia na buti zake za mpira. Mkuu akamwomba avue la kulia. Mguu ukatoka peku. Mkuu akamuuliza soksi iko wapi. Mlinzi akajibu kwa heshima kwamba yeye mama mkuu ndiye aliyeiazima Jumatano, na anaiomba, maana vidole vinazidi kumwasha.

Soksi!

Soksi ya mtu mwenye fangasi! Nyumba yao yenyewe wanamolala! Mkuu aliikata vipande, akailoweka kwenye spiriti. Kisha akatoa sahani yake, aliyoweka kikaratasi cha spiriti tupu kilicholowa. Duara lilelile. Akasema kilichoua wiki nzima ni spiriti, na majani yangu nane hayajasema lolote bado.

Kamati ikaangua kicheko. Hapo nikaukumbuka ulimi wangu. Nilitoka mbio.

Niliporudi, Kipimo alikuwa ameshaajiriwa na milimita zake nne. Mimi nimemwaga unga. Nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu. Hakunigombeza. Alilia kimya kimya huku akipanga vikombe vya mama yake, na hilo limeniumiza kuliko kamati nzima.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe kafika. Kanishika mikono miwili, kaniita mwanawe, kaniombea dua ndefu ya kazi mpya. Nikaitikia amina. Mke wangu kakimbilia jikoni.

Lazima niipate kazi kabla mama mkwe hajajua. Nimewaza kutwa, na ghafla nimegutuka: watu walicheka mno hata hawakuitazama sahani! Mimea minane, na soksi moja kuukuu imeishinda yote. Tena ya mguu mmoja! Ikiwa chafu inaua vile, zilizofuliwa je?

Nimekusanya soksi zote za nyumba hii. Mama mkwe anatembea peku ukumbini, anauliza zake ziko wapi; nimemwambia sijui. Ziko chini ya kitanda, zimelowekwa kwenye spiriti, za kushoto chupa yake, za kulia chupa yake. Kipimo kanionea huruma, kaniazima sahani mbili zilizooteshwa tayari. Kanisihi moja iwe ya spiriti tupu.

Sikuiweka. Sahani ni mbili, na soksi zina kushoto na kulia.