Mpiga Besi wa Harusi ya Pangani

Jumatatu, 5 Machi 1956

Bwana Hatibu, kiongozi wa chama chetu cha taarab, kanikabidhi besi. Ile fidla kubwa kama mlango, inayopigwa kwa kusimama. Nilimwambia nimeisomea Mombasa. Mombasa nimefika kweli, siku mbili, nikaiona besi dirishani mwa duka. Jumamosi tuna harusi Pangani. Nikifaulu, besi ni yangu. Nikiboronga, mjomba ananingoja Maramba nikalime. Jembe keshalitia mpini mpya.

Jumanne, 6 Machi

Nimejifunza uzi mmoja. Nyuzi ziko nne, lakini haraka haina baraka. Mwamvua, mwimbaji wetu, kauliza mbona wimbo mzima nalia kama ng'ombe aliyefungwa. Nikamwambia ndio mtindo wa Misri. Akasema kumbe na ng'ombe wa Misri wana dhiki. Waliocheka nimeandika majina yao.

Jumatano, 7 Machi

Nimepata mwanafunzi. Fanueli, mwalimu wa kwaya ya Walutheri, mtu mzima wa miwani. Ataka nimfundishe besi. Aniita mwalimu, tena mbele za watu. Hila yangu: apige yeye, mimi nimwibie ujuzi kwa kutazama vidole vyake. Akapiga nyuzi zote nne utadhani kazaliwa ndani ya besi. Kumbe chuoni kwao alipiga fidla miaka miwili. Vidole vilikwenda mbio, sikuambulia kitu. Nikatikisa kichwa, nikamwambia kiwiko. Akashukuru, akakiinua.

Ijumaa, 9 Machi

Msikitini nimeomba mpaka imamu kaniuliza nani kafa. Mazoezini Bwana Hatibu kasema harusini tufuate sauti yake. Akiita udi, udi ubaki peke yake. Akiita fidla, vilevile. Nikauliza, na mimi? Kasema nikiitwa nitasikia. Nimetia mafuta ya nazi masikioni, yasije yakanitupa.

Jumapili, 11 Machi

Niandike ya jana. Wimbo wa tatu, bi harusi ndiyo kwanza anatolewa. Bwana Hatibu akainua mkono, akasema, "Basi." Mimi nikasikia besi. Muungwana yeyote angesikia hivyo. Wote wakanyamaza, nikajua wananipisha. Nikauvamia uzi wangu. Akasema tena, basi. Nikazidisha. Mara ya tatu alitoa macho, basi, basi, nikaona anavyonipenda, nikajaribu uzi wa pili. Ukakatika, ukamchapa mpiga udi. Bibi yake bi harusi akauliza kama kuna lori limekwama nje.

Bwana Hatibu hakunigombeza. Alinitoa mikono kwenye besi polepole, mmoja mmoja. Akaniambia, "Mwinyijuma, mwanangu, masika yamekaribia. Mjomba wako atahitaji mtu."

Jumatatu, 12 Machi

Besi kapewa Fanueli. Kaja mwenyewe kuniarifu, kavua kofia, kasema, "Mwalimu, uniwie radhi." Nikajifungia chumbani. Machozi kidogo, si mengi.

Kisha nikafikiri. Fanueli mwanafunzi wa nani? Chama kizima sasa kinategemea kiwiko nilichokisahihisha mimi. Basi sikufukuzwa, nimepandishwa cheo. Nimempelekea mjomba barua, amtafutie jembe mtu mwingine. Mlangoni nimebandika karatasi: Mwalimu Mwinyijuma, bingwa wa Mombasa, anafundisha kinanda. Alasiri hii hii wamejiandikisha watu wanne.

Somo la kwanza ni kesho. Sasa natoka kwenda kuulizia mjini kinanda kinapulizwa upande gani.